Imepunguka Moja

Mjomba wangu alihesabu mizani kwa mguu. Alikuwa fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na cherehani yake ya mguu ilikaa barazani, ikitazamana na duka la mafuta ya taa. Wateja wake wa siku nyingi walijua kusikiliza kabla ya kuuliza. Cherehani ikikimbia bila kupumua, fundi yumo kazini na nguo itakuwa tayari Ijumaa. Ikienda nane ikatua, nane ikatua, basi fundi ana shairi, na nguo ni ya majaliwa. Mwaka 1976 nilimwona kwa macho yangu akishona mfuko wa suruali ya karani wa bandari ukazibika juu, hauingii hata senti. Karani aliugeuza mfuko, akaugeuza tena, kisha badala ya kugomba akauliza: "Leo unamjibu nani, fundi?"

Alikuwa anamjibu mtu wa Lindi.

Anayesoma haya akiwa na umri wa wanangu atataka kuelezwa. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na ukurasa wa mashairi, na kwa watu wa mtaa wetu hapo ndipo gazeti lilipoanzia. Habari za mbele ungeweza kuzisikia redioni. Mashairi ilibidi uyangoje. Desturi yenyewe ni kongwe: Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923, lilichapisha tungo za wasomaji, na humo Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, jirani zetu kabisa, alitoa mashairi yake. Baada ya uhuru desturi ikaendelea katika magazeti tuliyoyashika sisi, Ngurumo, Uhuru, na Mzalendo la Jumapili. Wala haukuwa mchezo wa watu wa pwani peke yao. Mathias Mnyampala, aliyetupa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Saadan Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, alitoka Kigoma. Mjomba alikuwa na nakala ya Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi, ile ya 1954, ameivika jalada la karatasi ya kaki aliyokatia ruwaza za nguo, na akiifungua hunawa mikono kwanza kama mtu anayekaribia kula.

Ukurasa ulikuwa na adabu zake. Ubeti wa kwanza unabisha hodi kwa mhariri na kumwomba nafasi. Kama unamjibu mtu, unamtaja na kumpa heko kwa kalamu yake, hata kama beti tano zinazofuata zinamvua nguo. Unamjibu kwa bahari ileile aliyotumia, na ukiwa fundi kweli, kwa vina vyake vilevile. Ubeti wa mwisho ni tamati: unaaga, unataja jina lako au lakabu yako, mji wako, na sanduku la posta. Mjomba alijiita Sindano. Kwa jina hilo alijulikana na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga wala yeye hajakanyaga kwao.

Gazeti lilitoka Dar es Salaam na basi, likafika alasiri. Kazi yangu ilikuwa kulisubiri stendi na kukimbia nalo nyumbani kabla halijapita mikononi mwa watu. Mjomba hakusoma mashairi, aliyaghani. Alivua miwani ya kushonea, akavaa ya kusomea, akasafisha koo, na sauti ikapanda. Baraza ilijaa: muuza kahawa, karani wa bandari, mwalimu wa chuoni, vijana wa gereji. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, mkaza mjomba alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na sauti ya mbuzi nayo ilikuwa ya kusikilizwa. Ikikatika ghafla, mjomba hunyamaza. "Rudia hapo," mkaza mjomba anasema kutoka ndani. Mjomba anarudia. "Pamepunguka." Wanaume barazani wanahesabu kwa vidole. Pamepunguka kweli. Mbuzi inaendelea.

Mtu wa Lindi nilimfahamu kwa namna hiyo. Katika ule mwezi wa Juni 1976 watoto wa shule walipopigwa risasi Soweto, yeye alileta shairi la maombolezo. Lilikuwa zuri, muuza kahawa alifuta macho. Mjomba alikaa nalo siku tatu, cherehani ikipumua nane nane, ndipo ukatokea ule msiba wa mfuko wa karani. Jibu lake lilisema, kwa kifupi, kwamba kumlilia mtoto wa jirani ni utu, lakini mwenye kulia aangalie pia mtoto wa kwake aliyekaa sakafuni darasani, watoto watano kitabu kimoja. Mtu wa Lindi akajibu kwamba sakafu haiui. Akaingia mtu wa Singida, akasema ujinga nao unaua ila hautoi damu. Akaingia wa Mombasa, akawasuta wote watatu kwamba wanagombana wao kwa wao huku kaburu anacheka. Mambo ya Afrika Kusini na madawati ya shule zetu yakawa shauri moja, limeshikwa na vina viwili, kwa muda wa miezi minne.

Miezi minne! Hesabu mwenyewe. Gazeti lifike Lindi kwa barabara ya kusini. Mtu atunge, anakili kwa mwandiko safi, anunue stempu. Barua ipande hadi Dar es Salaam. Mhariri aipange foleni na wenzake. Ukichomwa mwezi wa saba, unajibu mwezi wa tisa. Mjomba alianza majibu yake akiwa amekasirika, lakini hasira haistahimili kutafutiwa kina. Alikuwa akija na neno kali, akaligeuza, likakosa mizani, akatafuta jingine, na lile jingine likawa na ukweli zaidi kuliko ukali. Nilimsikia mara moja akisema peke yake, mkasi mkononi: "Kumbe sikutaka kusema hivyo."

Mwisho wa malumbano, mtu wa Lindi aliandika barua isiyo shairi. Alisema amesikia kwamba Sindano ni fundi wa kweli, si wa lakabu tu, naye anahitaji kanzu ya Idi. Akaorodhesha vipimo: bega, kifua, urefu, mkono. Mjomba aliviandika vipimo hivyo kwa chaki ukutani, akaviacha hapo hata baada ya kanzu kushonwa na kutumwa kwa posta. Chokaa ilipopigwa upya miaka mingi baadaye, mpiga chokaa aliambiwa aruke kipande kile. Hawakuonana maisha yao yote, lakini mjomba alijua urefu wa mkono wa mtu aliyepingana naye.

Nisije nikaonekana nimeipaka zamani asali. Ukurasa ule ulikuwa na kasoro zake, na baadhi zilikuwa kubwa. Magazeti yaliyokuwa na nguvu yalikuwa ya chama na serikali, na mashairi mengi yaliyotoka baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalikuwa sifa tupu, vina vimekaa sawa na ndani hamna kitu. Aliyekuwa na la kuuma alilifunika. Wakati wa Operesheni Vijiji, ndugu zetu wa upande wa Handeni walipohamishwa, mjomba alileta shairi la fundi aliyeshonea kijiji kizima suruali za kipimo kimoja: mrefu magoti nje, mfupi anajikwaa, na fundi anasimama kando anajisifu kwa kuokoa kitambaa. Mhariri alilitoa. Sijui hadi leo kama alidhani ni ushauri kwa mafundi, au alijua akafumba jicho. Balozi wa nyumba kumi alikuja barazani na gazeti kwapani, akakaa, akanywa kahawa vikombe viwili, kisha akauliza: "Fundi, hizi suruali, ni suruali?" Mjomba akasema, "Ni suruali, mzee wangu." Balozi akatikisa kichwa kwa muda. "Basi yangu nayo inanibana," akasema, akaondoka.

Na kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya pazia. Mkaza mjomba alikuwa na sikio lisilo na mfano mtaani kwetu. Beti ngapi za Sindano zilikamilika kwa neno lake, sina hesabu. Alikuwa akiombwa kina huku anachambua mchele, akalitupa neno bila kuinua uso, na mjomba akalidaka kama mtu aliyerushiwa embe. Jina lake halikutoka gazetini hata mara moja, na mimi niliyekuwa nakimbiza gazeti kila alasiri sikuwahi kujiuliza kwa nini. Baraza lile lilikuwa la wanaume, na ukurasa ule ulikuwa kivuli cha baraza.

Mwaka 1983 nilirudi likizo kutoka Chuo Kikuu, Mlimani, nikiwa na nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Nilikuwa nimesoma Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1974 na kuwagawa watu wa ushairi makundi mawili. Upande mmoja walisema shairi lisilo na vina na mizani ni guni, au si shairi kabisa. Upande wa pili walisema vina ni pingu zilizovaliwa kwa mazoea. Mimi, bila shaka, nilikuwa upande wa pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Msomi umerudi."

Sikungoja hata kahawa. Nilimweleza kwamba siku za vina zimekwisha, kwamba mtu mwenye uchungu hana muda wa kuhesabu hadi nane. Akaniomba nimsomee. Nilimsomea mashairi matatu, naye alisikiliza yote, mguu umetulia juu ya pedeli. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alisema, "Huyu bwana ana uchungu wa kweli. Na maneno yake yana uzito." Kisha akafikiri kidogo. "Ila nikitaka kumjibu, nitamshika wapi?"

Niliona ni swali la mshona nguo. Nilimweleza kwamba shairi la kisasa halingoji jibu, ni sauti ya mtu mmoja na nafsi yake. Akasema, "Aa," kwa heshima, akarudi kwenye suruali. Kezilahabi alikuwa sahihi kwa mengi, na mashairi yake yamesimama hadi leo bila msaada wa mtu. Lakini swali la mjomba nalo halijakaa chini. Nimekuwa nikitembea nalo miaka arobaini.

Miaka ile nyuzi zilikuwa adimu, kitambaa kilikuwa adimu, sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, hazina imekauka. Magazeti yalikonda kama sisi tulivyokonda. Mjomba alitunga nyuma ya karatasi za kaki, akafuta, akatunga tena juu yake, na bado bahasha ziliondoka. Waziri Mkuu Sokoine alipofariki katika ajali tarehe 12 Aprili 1984, naamini hapakuwa na malenga nchini aliyelala siku hiyo bila kuandika angalau ubeti mmoja. Dhiki ile haikuua ukurasa wa mashairi. Tuliuua sisi, wakati wa neema.

Nasema sisi, na ni haki niseme mimi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, magazeti binafsi yalichipuka, na mimi nikapata kazi Dar es Salaam katika gazeti moja ambalo sitalitaja, kwanza kupanga kurasa, kisha kuhariri kurasa za ndani. Zilikuwa siku za furaha. Tuliandika mambo ambayo mjomba alilazimika kuyashonea suruali. Uchaguzi wa 1995 ulitufanya tulale ofisini. Na katika furaha hiyo ukurasa wa mashairi ulionekana kama mgeni wa zamani aliyesahau kuondoka.

Hakuna aliyetoa amri ya kuufuta. Ulikatwa kama mtu anavyokata kipande cha mkate, nyembamba nyembamba. Kwanza ukawa nusu ukurasa, kwa sababu tangazo la bahati nasibu lililipiwa. Kisha robo, kwa sababu msimu wa ligi ulianza na Simba na Yanga hawaombi nafasi. Kisha safu moja, "nafasi ikipatikana." Ofisa wa matangazo alinijia mchana mmoja akiwa na karatasi yenye vipimo vya tangazo la rangi, akaniuliza kama ile safu ina kazi. Nilikuwa na uwezo wa kubisha. Nilitazama vipimo, nikatazama safu, nikasema, "Haina neno."

Bahasha ziliendelea kuja. Hapo ndipo nilipopata aibu ambayo sikuitegemea. Wale malenga hawakuambiwa kwamba ukurasa umekufa. Waliendelea kubisha hodi, Kilwa, Mpanda, Ukerewe, Pemba, mwandiko wa kulala, beti zimepangwa, stempu imelambwa. Tuliziweka kwenye gunia la katani chini ya meza ya mapokezi, na gunia lilipojaa likaletwa jingine. Mwaka 1996, katika gunia la pili, nilikuta mwandiko ninaoujua. Bahasha haikuandikwa jina langu. Iliandikwa "Mhariri." Mjomba alijua ninapofanya kazi, angeweza kuniandikia kwa jina, au kupiga simu kwa jirani. Alipita mlango wa mbele kama wengine.

Niliifungua nikiwa nimesimama. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

Mhariri nipe fasi, gazetini nitamke,
Sisemi kwa wasiwasi, na jambo lisifichike,
Mkasi una kiasi, nguo isiharibike,
Neno lililo jepesi, lipime lisiponyoke.

Niliishia hapo. Nilijua kwamba nikiendelea nitalazimika kufanya jambo. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba, nikajiambia nitaitafutia nafasi mambo yakitulia. Mambo ya gazeti hayatulii. Mjomba hakuuliza. Nilipokwenda Tanga kwa Idi aliniuliza habari za watoto, za kodi ya nyumba, za mvua za Dar es Salaam, na shairi hakulitaja. Alikuwa na adabu ya ukurasa: mhariri haulizwi. Alifariki mwanzoni mwa 1998, katikati ya mvua za El Niño, barabara zimekatika kila mahali, nami nikafika siku mbili baada ya maziko.

Sasa mimi ni mstaafu, na nina muda wote wa kutazama jinsi watu wanavyosema siku hizi. Sitaki kudai kwamba ushairi umekufa, kwa sababu ni uongo. Vijana wa Bongo Fleva wanapanga vina ambavyo mjomba angevisikiliza akiwa amesimamisha cherehani. Taifa Leo la Kenya limeendelea kuwapa malenga ukurasa. Ziko tuzo zenye fedha ambazo Sindano asingeziota, na miongoni mwa washindi wamo wasichana ambao hakuna pazia linalowaficha. Kiswahili chenyewe kimepanda vyeo: mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, na mwaka uleule Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, alipata Nobeli kwa riwaya alizoandika kwa Kiingereza, nasi tukasherehekea kama aliyeolewa ni dada yetu. Kila Julai 7 nasikiliza hotuba za kuisifu lugha. Ni nzuri, na nyingine zina vina bila waandishi wake kujua.

Lakini nitazame kundi letu la WhatsApp, la ukoo, watu 80 na ushee. Habari za Goma zinaingia saa kumi na mbili asubuhi, video ya watu na magodoro vichwani. Zinafuata za Gaza. Inafuata picha ya keki ya harusi. Mtu anaweka katuni ya kulia, mwingine mikono ya kuomba, wa tatu anauza vitenge. Kisha mpwa mmoja anaandika neno moja la kejeli juu ya msimamo wa mwingine, na mwingine anajibu kabla hajamaliza kulisoma. Mwaka juzi, kwa jambo la siasa lililoanza saa mbili usiku, kufika saa tatu kasorobo ndugu wanne walikuwa wamejitoa kundini, na wawili kati yao hawajasalimiana hadi leo hii ninapoandika. Kati ya nyumba zao ipo mitaa miwili tu. Hakuna aliyejua urefu wa mkono wa mwenzake.

Nilifikiri kuwaandikia shairi la usuluhishi. Nililitunga kweli, tarbia, beti saba, nikalituma. Lilipata dole gumba 31. Hakuna aliyejibu, na sidhani kuna aliyefika ubeti wa tatu. Ndipo nikakumbuka mtu mwingine ambaye naye hakufika ubeti wa tatu.

Mwezi wa Desemba nilikwenda Tanga na ile bahasha. Mkaza mjomba amepita miaka 80, macho yamefifia, lakini bado anakaa sakafuni juu ya mkeka kwa hiari yake, anasema kiti kinamfanya ajione mgonjwa. Cherehani ipo pembeni ya chumba, imefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa televisheni. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokuja nacho, na kwa nini kimekaa miaka hiyo yote. Nilieleza kwa urefu. Alinikatiza: "Soma."

Nilianza kusoma. "Ghani," alisema. Sauti yangu haina maana, lakini nilighani. Ubeti wa kwanza aliupokea ametulia, vidole vyake vikigusa ukingo wa mkeka, kimoja baada ya kingine. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa juu ya magazeti, na ulianza hivi: "Gazeti letu leo, habari ni za michezo." Vidole vikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Imepunguka moja."

Nikahesabu kwa sauti kama mtoto wa chuoni. Ga, ze, ti, le, tu, le, o. Saba. Sikuamini. Katika maisha yangu sikuwahi kuona mstari wa Sindano uliopunguka ukapita mlango wa nyumba ile.

"Mwaka ule miguu ilikuwa imemvimba," alisema. "Cherehani alishamwachia kijana. Akawa anatungia kitandani, mlango umefungwa, hataki nisikie. Alisema hili ni la Mhariri." Alinyamaza kidogo, akatafuta ukingo wa mkeka tena kwa vidole. "Weka 'la' hapo. Gazeti letu la leo. Basi."

Nikasema ndiyo.

"Na wewe mhariri, kwa nini hukumrudishia? Ungemwambia tu, mjomba, imepunguka moja. Angefurahi."

Sikuwa na la kumjibu, wala yeye hakungoja. Nilitoa kalamu mfukoni, nikaitandika karatasi juu ya goti, na kati ya "letu" na "leo" nikapenyeza neno dogo kwa mwandiko wangu, chini kidogo ya wake. Alisikiliza kalamu hadi ikanyamaza.

"Haya," akasema, vidole tayari. "Ubeti wa nne."